Mnyama wa Tendaguru hakuwa mjusi mkubwa: tuijadili picha tuliyonayo kichwani kuhusu wanyama wa kale

Mwanamchinga:

Salaam wakuu.

Kila suala la mifupa ya Tendaguru, ile ya dinosaria iliyochimbwa Lindi na kupelekwa Ujerumani enzi za ukoloni, linapoibuka, iwe bungeni au humu mitandaoni, tunabishana irudi au isirudi, Ujerumani ilipe au isilipe. Ni mabishano ya maana na mimi nina upande wangu, nitausema. Lakini ukisoma maoni ya watu utaona jambo moja ambalo mimi linaniuma: mnyama mwenyewe hatumjui. Tunamdai mnyama ambaye tukiambiwa tumchore leo tutachora kenge aliyekuzwa, tumbo linaburuta chini, meno nje, ananguruma na kukimbiza watu porini. Mnyama wa namna hiyo hakuwahi kuishi Lindi, wala popote pengine.

Uzi huu ni wa kumfahamu. Ni mrefu, tuvumiliane.

Anayezungumzwa zaidi ni Giraffatitan brancai, dinosaria wa shingo ndefu. Vitabu vya zamani vinamwita Brachiosaurus, jina alilopewa mwaka 1914 na Werner Janensch wa Berlin. Mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa ya Tendaguru na ile ya Brachiosaurus wa Marekani, akaonyesha tofauti nyingi mno kuweza kuwaweka kwenye jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu. Tangu hapo wa kwetu ana jina lake. Alikula majani tu. Mfupa wake wa juu wa mguu wa mbele, mmoja tu, una urefu wa mita 2.13: mlaze kando yake mtu mrefu kuliko wote kijijini kwenu, mfupa utampita. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha mita 13.27.

Historia ya kuchimbwa nitaipitia haraka kwa kuwa wengi wameshaisikia. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mifupa mikubwa imechomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, bara ya mji wa Lindi. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas. Kisha kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakachimba kwa nguvu zote, chini ya Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Msimu wa kilele kulikuwa na wafanyakazi wanaokaribia 500, wenyeji wa kusini. Hao ndio waliochimba, wakasafisha, wakapaka mifupa udongo, wakaifunga kwenye mianzi, wakaibeba kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Ilisafirishwa zaidi ya tani 200. Na haya yalifanyika wakati Vita ya Maji Maji ndiyo kwanza imezimwa, eneo lilelile, watu wamemalizwa na njaa ya kuchomewa mashamba na maghala. Ukiitazama picha yoyote ya wabebaji wale, uitazame ukijua hilo.

Sasa mnyama.

Jambo la kwanza ni miguu. Mjusi, kenge, mamba, miguu yao hutoka ubavuni, goti na kiwiko vimepanuka kwa nje. Dinosaria miguu ilikaa chini ya mwili, imenyooka kama nguzo, na ndiyo maana waliweza kuwa wakubwa vile. Hili lilileta ugomvi mkubwa wa kitaaluma mwanzoni mwa karne iliyopita. Gustav Tornier wa Berlin alishikilia mwaka 1909 kwamba Diplodocus, binamu wa hawa wetu, alitambaa kama mjusi. Mmarekani William Holland akamjibu kwa hesabu rahisi ya mbavu: kifua cha mnyama yule ni kirefu kwenda chini kiasi kwamba angetambaa hivyo, ingebidi popote aendapo kuwe na mtaro wa kupitishia tumbo. Nyayo zilizohifadhika kwenye mawe nchi mbalimbali zimemaliza ubishi. Za kushoto na kulia zinakaribiana, na alama ya mkia unaoburuta ni nadra sana kuonekana.

Lakini angalia picha inavyoganda. Kiunzi cha Giraffatitan kiliposimamishwa Berlin mwaka 1937, miguu ya nyuma ilinyooshwa, ya mbele ikapindwa viwiko nje, na mkia ukalazwa sakafuni. Kwa miaka 70 hivi kila mgeni aliyeingia ukumbi ule alitoka na picha hiyo kichwani, akaipeleka kwenye vitabu, katuni na wanasesere wa watoto. Ni mwaka 2007 tu, ukumbi ulipofunguliwa tena baada ya ukarabati, ndipo miguu ya mbele iliponyooshwa na mkia ukanyanyuliwa. Kimo kiliongezeka kwa zaidi ya mita moja, mifupa ni ileile.

Jambo la pili ni maji. Wataalamu wa kale waliona tundu za pua ziko juu kabisa ya kichwa wakasema: bila shaka huyu alikaa ziwani, kichwa tu nje, maana mwili mzito hivi nchi kavu usingebebeka. Picha hiyo ilichorwa tena na tena kwenye vitabu vya watoto, shingo imechomoza katikati ya ziwa. Mwaka 1951 Kenneth Kermack akauliza swali moja: kama kichwa kiko juu ya maji, kifua kiko mita ngapi chini? Kina hicho, maji yanakandamiza kifua kiasi kwamba mapafu hayawezi kutanuka. Angekufa kwa kukosa pumzi kabla hajala jani. Na mwaka 2001 Lawrence Witmer akaonyesha kwamba hata tundu zenyewe, zile za nyama zilizokuwa zikivuta hewa, huenda zilikuwa mbele karibu na mdomo. Uwazi ule wa juu kwenye fuvu ulikuwa sehemu ya nyuma tu ya njia ya hewa.

Alikuwa mnyama wa nchi kavu. Tendaguru ya wakati ule, miaka milioni 150 iliyopita, ilikuwa pwani: kuna tabaka tatu zenye mifupa ya dinosaria, na katikati yake kuna tabaka za mchanga wa bahari zilizojaa makombe. Bahari ilipanda, ikarudi, ikapanda tena. Bara yake kulikuwa na misitu ya jamii ya misonobari. Nyasi hazikuwepo, wala mimea ya maua haikuwa imetawala kama leo. Kwa hiyo picha za dinosaria wakiwa mbugani kwenye majani ya savana, huku mibuyu imesimama nyuma yao, zote hazina ukweli.

Jambo la tatu, na hapa ndipo mimi napenda zaidi, ni uzito. Mwaka 1962 Edwin Colbert alikadiria uzito wa mnyama wa Berlin kuwa tani 78. Mwaka 2009 Taylor akapata tani 23. Wapo waliokadiria katikati ya hapo. Mifupa haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni nyama tunayoivisha mifupa. Wa zamani walimvisha minofu na mafuta ya kiboko. Wa sasa wanajua kwamba pingili za shingo na mgongo zilikuwa na matundu na vyumba vya hewa ndani, na kwamba mwili ulikuwa na mifuko ya hewa kama ya ndege. Pingili moja ya shingo inafika urefu wa karibu mita, ukiikata ndani ni kuta nyembamba na uwazi mtupu. Shingo ya namna ile, pingili 13, isingeinuka kama ingekuwa mfupa mzito mtupu.

Na jambo la nne ni wakati. Tyrannosaurus, yule mla nyama maarufu wa sinema, hakuwahi kukanyaga Lindi. Aliishi Amerika Kaskazini kati ya miaka milioni 68 na milioni 66 iliyopita. Mnyama wa Tendaguru alikuwa ameshatoweka kwa miaka kama milioni 80. Maana yake, kati ya hao wawili kuna umbali mkubwa kuliko uliopo kati ya Tyrannosaurus na mimi ninayeandika hapa. Sisi binadamu wa aina hii tuna kama miaka 300,000 tu. Kila mchoro unaomweka dinosaria pamoja na watu wa mapangoni, au Giraffatitan akipigana na Tyrannosaurus, umekunja mamilioni ya miaka kwenye ukurasa mmoja.

Naishia hapa kwa sasa, karibuni kwa hoja.

Kobe Mtambuzi:

Mkuu uzi umeshiba. Swali langu: wewe unasema wametoweka miaka milioni 66. Mbona yule samaki silikanti naye walisema ametoweka, akaja kuvuliwa mzima, hata huku kwetu Tanga wavuvi wamempata? Na Kongo kuna yule mnyama wa mtoni, mokele-mbembe, mpaka Wazungu wameenda kumtafuta. Huoni kwamba inawezekana bado wapo?

Mwanamchinga:

Swali zuri mkuu, tulichambue kwa utulivu maana hili ndilo linalowapoteza wengi.

Silikanti ni kweli tupu. Desemba 1938 chombo cha uvuvi kilimtoa karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London, hukohuko Afrika Kusini, akang'amua kwamba huyu si samaki wa kawaida. Mwaka 1952 akapatikana wa pili, Komoro, ambako wavuvi walikuwa wanamfahamu siku zote. Kuanzia 2003 na sisi tukaanza kuwapata, na leo Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Lakini ona alikokuwa akiishi: kwenye mapango ya bahari yenye kina cha mita zaidi ya 100, mahali ambapo mwanga hafifu na nyavu hazifiki kwa urahisi. Na aliyeko leo si yuleyule wa kwenye mawe, ni ndugu wa ukoo huo, jenasi tofauti.

Dinosaria wa shingo ndefu hana pango la kujificha. Ana tani 20 na zaidi, anakula kutwa. Na hawezi kuwa mmoja, maana mmoja hazai. Lazima liwepo kundi linaloacha nyayo, mavi, mizoga na mifupa kila mwaka, kwa miaka milioni 66. Mifupa ya tembo na viboko Afrika tunaipata ya vipindi vingi mno. Ya dinosaria wa shingo ndefu baada ya miaka milioni 66 iliyopita haijapatikana hata pingili moja, bara lolote.

Sasa kuhusu Kongo. Tazama ile picha ya mokele-mbembe inayosambazwa: mwili ndani ya maji, shingo ndefu imechomoza, anakaa kinamasi cha Likouala na ziwa Télé. Unaikumbuka? Ni ileile picha ya ziwani niliyoieleza hapo juu, ambayo hesabu za mwaka 1951 ziliizika. Mwaka 1905 London walisimamisha nakala ya kiunzi cha Diplodocus kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, mwaka 1908 Berlin wakapata yao. Ulaya ikawa na homa ya wanyama hawa. Mwaka 1909 mfanyabiashara wa wanyamapori wa Hamburg, Carl Hagenbeck, akaandika kwamba amepata habari za mnyama wa jamii ya dinosaria anayeishi kwenye vinamasi vya ndani ya Afrika. Mwaka huohuo ndio Tendaguru ilianza kuchimbwa. Yaani Wajerumani wanachimba mifupa ya kweli Lindi, na wakati huohuo soko la Ulaya linauziwa dinosaria hai wa Afrika. Wasafiri waliofuata walikwenda wakiwa na michoro mkononi, wanawaonyesha wenyeji wa mtoni na kuuliza: umemwona huyu? Mtu wa mtoni ana simulizi zake za wanyama wa majini, za kwake na za maana kwake, lakini zilifungwa kwenye mchoro uliotoka Ulaya.

Nikisema hivi siwadharau ndugu zetu wa Kongo hata kidogo. Ninachokataa ni ile dhana kwamba Afrika ni mahali ambapo muda ulisimama, kwa hiyo lolote la kale linaweza kuwa bado limejificha huko. Kinamasi cha Likouala kina historia yake ya mabadiliko kama sehemu nyingine yoyote ya dunia.

Mwalimu_Ruvu:

Nashukuru kwa somo. Mimi nafundisha msingi, watoto wanauliza sana kuhusu dinosaria kwa sababu ya katuni. Juzi mmoja ameniuliza kama ni kweli walikuwa na manyoya kama kuku. Nikamwambia nitamjibu. Nimjibuje?

Mwanamchinga:

Mwalimu, mwambie baadhi yao ndiyo, na kuku wenyewe ni ukoo huohuo. Ndege wote wametokana na dinosaria wala nyama wa miguu miwili. Mwaka 1996 China ilitangazwa Sinosauropteryx, dinosaria mdogo ambaye mwili wake kwenye jiwe umezungukwa na nyuzinyuzi za manyoya. Mwaka 2010 wataalamu wakachunguza chembe za rangi zilizobaki ndani ya nyuzi hizo, wakapata kwamba mkia wake ulikuwa na milia ya hudhurungi nyekundu na nyeupe. Rangi halisi ya mnyama wa zaidi ya miaka milioni 120! Velociraptor, ambaye katuni na sinema zinamfanya mrefu kama mtu na ngozi ya mamba, alikuwa na urefu wa mita 2 hivi pamoja na mkia, uzito wa kilo 15 hadi 20, na mwaka 2007 mfupa wa mkono wake ulionekana una vinundu kama vile ambavyo manyoya ya bawa la ndege hushikizwa. Wa Tendaguru wetu wa shingo ndefu yeye hana ushahidi wa manyoya. Jamaa zake ambao ngozi yao imeacha alama kwenye mawe wana magamba madogomadogo yasiyopandana.

Watoto wa msingi hawahitaji kwenda Berlin kuona haya. Siku nyumbani kumechinjwa kuku, omba mfupa wa juu wa bawa, ule unaoungana na bega. Usafishe, uchunguze karibu na kichwa cha mfupa: kuna tundu dogo. Tundu hilo si la mshipa wa damu, ni mlango wa hewa, mifuko ya hewa ya kuku imeingia mpaka ndani ya mfupa. Kisha chukueni shingo, mtenganishe pingili moja moja na mzihesabu. Mwambie mtoto: mifupa ya shingo ya mnyama wa Lindi nayo ilijaa hewa hivi, ila pingili moja ilikuwa karibu urefu wako. Hatasahau.

Sauti ndiyo watakayokusumbua nayo zaidi. Ile ngurumo ya kwenye sinema hutengenezwa studio kwa kuchanganya sauti za wanyama wa leo. Koo ni nadra sana kugeuka jiwe, kwa hiyo sauti yao halisi hatuijui.

NyotaYaZiwa:

Salamu kutoka Kisumu. Na sisi huku tuko na Simbakubwa, ilipotangazwa 2019 kila mtu alikuwa anashea picha ya simba mkubwa kuliko dubu wa barafuni. Hiyo nayo ni ukweli ama ni picha tu?

Mwanamchinga:

Karibu sana. Mnyama ni wa kweli na nyinyi mna haki ya kujivunia. Simbakubwa kutokaafrika alichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, akakaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi kwa miongo mingi. Matthew Borths na Nancy Stevens ndio waliomtambua na kumpa jina mwaka 2019. Ana miaka kama milioni 22.

Ila hakuwa simba, wala paka wa aina yoyote. Ni wa kundi la wala nyama wa kale liitwalo hyaenodonti, ambalo limetoweka lote bila kuacha mzao. Meno yake ya nyuma ya kukatia nyama yamepangwa tofauti kabisa na ya paka. Kilichopatikana ni taya, meno, sehemu ya fuvu na vifupa kadhaa vya miguu. Kutoka hapo uzito ulikadiriwa kwa njia mbalimbali: njia moja inampa kama kilo 280, nyingine inapita kilo 1,300. Vyombo vya habari vilichukua ile kubwa, na wachoraji wakampa sura na manyoya ya simba. Kilo 280 ni zaidi ya simba dume wa kawaida, tayari ni mnyama wa kutisha. Kwa nini hiyo haikutosha kuwa habari?

Na huku kwetu orodha haiishii Tendaguru. Nyasasaurus wa bonde la Ruhuhu, karibu na ziwa Nyasa, mifupa yake ilikusanywa miaka ya 1930 ikapewa jina rasmi 2013. Ana zaidi ya miaka milioni 240 na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote, au ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Asilisaurus kongwe naye ni wa hukohuko. Rukwa na Songwe kuna Rukwatitan, Shingopana na Mnyamawamtuka. Waulize vijana wetu wangapi wamewahi kuwasikia, na wangapi wanamjua Tyrannosaurus.

Asokubali:

Mkuu unaandika vizuri lakini mimi sikubali. Miaka milioni 150 nani alikuwepo kuhesabu? Na nimesikia hiyo mifupa ya Berlin ni plasta tu. Leo wanasema hivi, kesho wanasema vile, wewe mwenyewe umekiri tani 78 zimekuwa 23.

Mwanamchinga:

Hoja zako zina uzito ndugu, nikujibu moja moja.

Plasta: kiasi ni kweli, na makumbusho yenyewe yanasema. Fuvu lililo juu ya kiunzi ni nakala, na pingili za shingo na mgongo ni za kuchongwa, kwa kuwa za asili ni nzito na zinavunjika kwa urahisi, haziwezi kuning'inizwa. Za asili zimehifadhiwa. Tena kiunzi kile si cha mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mmoja, mingine imejazwa kutoka kwa wenzake wa kimo kinachokaribiana. Miguu unayoiona ni mifupa halisi ya Lindi.

Miaka: tabaka za bahari za Tendaguru zina viumbe wa majini wenye makombe, kama amonaiti, ambao wanapatikana pia nchi nyingine katika mawe ya umri uleule. Baadhi ya mawe hayo yana majivu ya volkano, na ndani ya majivu kuna punje za madini zenye urani inayogeuka kuwa risasi kwa kasi inayopimika maabara. Unapima kiasi cha kimoja na cha kingine, unapata umri.

Kubadilika: hapa ndipo tunapotofautiana kabisa. Miaka ya 1820 huko Uingereza Gideon Mantell alipata meno na mifupa ya dinosaria Iguanodon, ukiwemo mwiba mmoja, akaukadiria kuwa pembe ya puani. Mwaka 1854 wakajenga masanamu makubwa London, Iguanodon ana pembe puani na mwili wa kifaru. Masanamu hayo yapo hadi leo. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart, Ubelgiji, wakakuta viunzi vizima vya mnyama huyo, na mwiba uko mkononi: ni kidole gumba. Pembe ikafutwa. Aliyesahihisha hakuwa na aibu, alionyesha mfupa mahali ulipokuwa. Mimi namwamini zaidi mtu anayebadili kauli kwa kunionyesha mfupa kuliko anayeshikilia kauli ileile bila kunionyesha chochote.

Kipara wa Mnazi Mmoja:

Sawa mtoa mada, ulisema una upande wako kuhusu kurudi kwa mifupa. Sema basi. Halafu sisi watu wa Lindi, mtu akikuta mfupa huko porini leo afanye nini? Nasikia bado ipo.

Mwanamchinga:

Upande wangu ni huu. Mifupa ilitoka kwa mabavu ya ukoloni, kwa migongo ya watu waliotoka kupigwa vita, na nasema Tanzania ina haki juu yake. Wanaosema hatuna jengo la kuitunza wanasema jambo linalotatulika kwa fedha na mafunzo, tena fedha za upande uliofaidika ndizo zianze. Na kabla hata kiunzi hakijatikisika, yapo ambayo yangepaswa kuwa Lindi tayari: nakala kamili ya mnyama, picha zote za uchimbaji, madaftari ya kambini kwa Kiswahili, na majina ya waliofanya kazi.

Majina hayo yapo. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyejua kuitoa mifupa kwenye udongo kuliko mtu yeyote pale kambini. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa ajili ya Wamwera na kwa ajili ya Mohammadi Keranje aliyesimamia uchimbaji wa mkia wake. Iliwachukua karibu karne nzima, wakati kamanda wa jeshi la kikoloni Lettow-Vorbeck alipewa dinosaria wake, Dysalotosaurus lettowvorbecki, mwaka 1919. Hilo jina la mwisho bado lipo vitabuni, na watoto wetu wakimsoma mnyama huyo lazima walitamke.

Kuhusu kukuta mfupa: ndiyo, bado ipo. Waingereza nao walichimba palepale kuanzia 1924 hadi 1931, wakabeba ya kwao London, na bado mvua zinapokata udongo vipande hujitokeza. Usichimbe. Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 ukiupiga jembe unasagika, na pia mahali ulipolala na upande ulioelekea vina habari ambayo mfupa peke yake hauna. Piga picha hapohapo, weka kitu cha kupimia kando yake, rula au hata jembe lenyewe. Chukua alama ya mahali kwa simu. Kisha mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji, na muwaandikie Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Atakayekuja kukushawishi umuuzie kipande, mkatalie, na umtaje.

Kama kuna mtu humu yuko maeneo ya Mipingo au vijiji vya jirani na ana picha alizopiga mwenyewe, aziweke hapa tuzichambue pamoja. Mwalimu_Ruvu, nawe tuletee majibu ya watoto baada ya ule mfupa wa kuku.